Si Kila Busha ni Maji

Katika vijiji vya Kwale kama Msambweni, Gazi na Vanga, mwanamume mtu mzima akivimba korodani hahitaji daktari wa kumtajia ugonjwa. Watu wa nyumbani wanalo jina tayari: busha. Wengine husema mshipa. Mara nyingi hawakosei, na makala hii inahusu zile mara chache wanapokosea.

Pwani ya Kenya ni makao ya kale ya minyoo ya matende, aina ya Wuchereria bancrofti, inayosambazwa na mbu wa Anopheles na Culex. Minyoo iliyokomaa hupenda kukaa katika mishipa ya limfu ya korodani. Mishipa hutanuka na kulegea, na maji hujikusanya ndani ya utando unaoifunika korodani. Ugawaji wa dawa kwa umma, dietilkabamazini pamoja na albendazoli, ulianza Kilifi mwaka 2002 na kufika Kwale mwaka 2003. Dawa hizo husafisha vimelea vichanga katika damu na kupunguza maambukizi. Busha lililokwisha kujaa hungoja kisu.

Saratani ya korodani, kwa upande wake, ni adimu Afrika Mashariki. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalihesabu wagonjwa wapya wapatao 74,000 duniani kote. Norwe hupata kama 10 kwa kila wanaume 100,000 kwa mwaka, Afrika Mashariki chini ya mmoja. Tisa au zaidi katika kila saratani kumi za korodani huanzia kwenye seli za mbegu, na wengi wanaozipata ni vijana wa miaka 15 hadi 40. Ni rahisi basi kudhani kwamba mzee wa miaka 65 mwenye uvimbe hana la kuogopa. Hapo ndipo hoja inapoteleza. Ukiziondoa saratani za vijana, zinabaki zile adimu, na kadhaa kati ya hizo huwapata watu wa umri uleule wa wenye mabusha.

Baada ya miaka 60, limfoma ndiyo inayoongoza. Kwa kawaida haiumi, hukua kwa wiki au miezi michache, na huweza kushika korodani zote mbili, kwa pamoja au kwa zamu. Chini ya hadubini huonekana seli kubwa za B zimejazana kati ya mirija ya mbegu, zikiizingira na kuivamia. Kuondoa korodani pekee hakumponyi mgonjwa: ugonjwa hurudi upande wa pili au kwenye ubongo, viungo ambavyo dawa nyingi za saratani hazivifikii kirahisi.

Uvimbe wa seli za Leydig hujitangaza kwa njia nyingine. Seli hizo, alizozieleza Franz Leydig mwaka 1850, ndizo zinazotengeneza testosteroni. Zikivimba, mtoto wa miaka sita au saba huanza kubalehe, na mtu mzima huweza kuota matiti, ilhali uvimbe wenyewe pengine ni mdogo kama punje ya hindi. Ukipasuliwa, ndani yake ni rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu. Katika takriban theluthi moja ya vimbe hizi mtaalamu huona ndani ya seli fuwele ziitwazo za Reinke. Karibu tisa kati ya kumi si saratani. Kijana wa Ukunda anayeota matiti anastahili kupimwa korodani kabla ya kuchekwa.

Lakini uvimbe unaoihusu Kwale kuliko mwingine wowote ni mesothelioma ya utando wa korodani, kwa sababu utando huo ndio mfuko wenyewe wa busha. Saratani hii, ambayo baadhi ya wagonjwa wake waliwahi kuvuta vumbi la asbesto, hutoa maji, na maji hayo huonekana kama busha la kawaida kabisa. Mara nyingi hugunduliwa mpasuaji akiwa tayari ameufungua mfuko na kukuta vinundu ukutani.

Mtego wa pili unamngoja mtaalamu wa patholojia. Mfuko uliokaa na maji miaka mingi huchokozeka. Seli zake huongezeka na kufanya vijichuchu vinavyofanana na mesothelioma changa. Rangi ya kalretinini haimwokoi, kwa kuwa seli za pande zote mbili huipokea. Kinachoamua zaidi ni kama seli zimepenya chini ya utando. Asiyeambiwa kwamba mgonjwa ametoka eneo la matende anaweza kuona saratani pasipo na saratani. Aliyezoea matende kupita kiasi anaweza kuipuuza iliyopo.

Kichocho hudanganya kwa upande wa pili. Msambweni, ambako watoto wa shule walitibiwa na kufuatiliwa kwa miaka tisa kuanzia 1984, inakijua vyema. Mayai ya Schistosoma haematobium yakikwama kwenye korodani hujenga donge gumu, na katika nchi mbalimbali wapo waliopoteza korodani kwa donge ambalo prazikwanteli ingetosha kulitibu.

Gharama ya makosa haya iko kwenye njia ya kisu. Busha hupasuliwa kupitia mfuko wa korodani. Korodani yenye saratani huondolewa kupitia kinena. Limfu ya korodani hupanda hadi tumboni, kando ya mshipa mkuu wa damu. Ile ya ngozi ya mfuko huenda kinenani. Anayekata au kuchoma sindano mahali pasipo huifungulia saratani mlango wa pili. Kurunzi, kipimo cha jadi cha busha, haitoshi: busha la miaka mingi lina ukuta mnene usiopitisha mwanga, na uvimbe mdogo hujificha nyuma ya maji maangavu.

Kwa hiyo altrasaundi ingepaswa kutangulia kila upasuaji wa busha, hata kwenye kambi za siku chache. Itasemwa kwamba kupeleka kila mfuko maabara ni gharama isiyobebeka. Pingamizi hilo lina uzito, lakini mfuko mnene, wenye vinundu au maji ya damu, au wa busha lililokua ghafla, hauna udhuru wa kutupwa. Utiwe fomalini na uvushwe kwenye kivuko cha Likoni hadi maabara, pamoja na fomu inayotaja umri wa mgonjwa, muda wa uvimbe, kijiji alichokulia, na kazi aliyoifanya ujanani.