Utandawazi na Dola la Taifa: Ushahidi wa Changamwe, Likoni na Kisauni

1. Utangulizi

Tangu neno utandawazi lipate makao katika Kiswahili, wengi wamelitumia kwa kulihofu. Husemwa kwamba mitaji, makampuni na mikopo ivukayo mipaka italila dola la taifa kidogo kidogo, hata ibaki bendera na wimbo tu. Hoja hiyo inachukulia kwamba palikuwapo kwanza dola lililokamilika, ndipo dunia ikaja kulibomoa. Makusudi ya makala haya ni kuipima hoja hiyo kwa historia ya Mombasa ng'ambo ya kisiwa: Changamwe upande wa magharibi, Likoni kusini na Kisauni kaskazini. Itaonekana kwamba huko dola halikuitangulia biashara ya dunia, bali lililetwa nayo. Kwa hiyo lipasalo kuulizwa si kama dola litatoweka, bali ni nani linayemwitikia.

2. Ushahidi wa msamiati

Lugha yenyewe inashuhudia. Serikali na bandari ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Dola na forodha yametoka katika Kiarabu. Bendera imetokana na Kireno. Si kwamba wenyeji hawakuwa na utawala wao, maana nchi na mji ni maneno ya Kibantu. Lakini vyombo vya dola, kama msamiati unavyoonyesha, viliingia kwa mlango wa bahari.

La kuzingatiwa zaidi ni neno taifa, ambalo nalo ni la asili ya Kiarabu. Mombasa ililitumia zamani kabla ya kuwapo Kenya. Waswahili wa mji huo walijihesabu kuwa Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa pamoja na Thelatha Taifa, na hizi za mwisho ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Changamwe, basi, ilihusu taifa kabla ya kuwa mtaa wa viwanda na maghala. Taifa kwa maana hiyo halikuwa mipaka ya ramani. Lilikuwa watu waliofungamana kwa nasaba, makao na maagano, nao walikuwa na maagano pia na jirani zao Wamijikenda. Katika karne ya ishirini neno lile lile lilipanuliwa lichukue mamilioni ya watu wasiojuana. Maana mpya haikuifuta ya kale. Iliilalia juu tu.

3. Kutoka kampuni hadi jamhuri

Dola lililokuja kutawala huko lilianza kama kampuni. Mwaka 1887 Sultani Barghash wa Unguja aliwakabidhi wafanyabiashara wa Kiingereza utawala wa pwani pamoja na ushuru wake. Mwaka 1888 kampuni yao ikapata hati ya kifalme. Kampuni ilipokwama, serikali ya Uingereza ilishika nafasi yake mwaka 1895, ikimlipa Sultani kila mwaka kwa ajili ya ukanda wa maili kumi. Mwaka uliofuata ujenzi wa reli ulianza Mombasa, ukafika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1920 sehemu za ndani zikawa Koloni, na ukanda wa pwani ukabaki nchi ya himaya. Hivyo mkaazi wa Likoni aliishi katika nchi ambayo kwa sheria ilikuwa ya Sultani, ilhali amri za kila siku zilitoka kwa Gavana.

Hali hiyo ilikomeshwa kwa mapatano ya London ya tarehe 8 Oktoba 1963. Sultani aliyaacha madai yake, na Kenya ikaahidi kuzilinda mahakama za makadhi na kuzitambua hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Ahadi hii ya pili ilikuwa nzito ng'ambo ya kisiwa. Likoni na Kisauni wamo watu wengi walioishi juu ya ardhi ambayo hati zake zilikuwa mikononi mwa wengine. Waliweza kumiliki kuta na paa, wasimiliki udongo. Dola jipya lilirithi mali kama ilivyoandikwa, likarithi pamoja nayo manung'uniko ambayo hayakuandikwa popote.

Ndiyo maana vuguvugu la MRC, lililojulikana kwa kauli yake kwamba Pwani si Kenya, lilitaja mikataba ya 1895 na 1963 kama msingi wa madai yake. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. Mtu aweza kuyakubali madai hayo au kuyakataa, lakini jambo moja ni dhahiri: wenye kuyatoa hawakusema kwamba zama za madola zimepita. Walidai dola lao.

4. Reli ya pili

Mfano wa karibuni ni reli mpya, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017 na ambayo kituo chake cha abiria kiko Miritini, kupita Changamwe. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China iliyotiwa saini mwaka 2014. Mamlaka ya Bandari ilifungwa kwa mkataba wa kuipatia reli hiyo shehena ya kutosha, na sehemu za mikataba zilizotolewa hadharani mwaka 2022 zilionyesha kwamba migogoro ya mkopo ingesuluhishwa Beijing. Agosti 2019 ikatolewa amri kwamba makontena yaendayo Nairobi na ng'ambo yake yasafirishwe kwa reli. Pigo liliwaangukia wenye malori na madereva wao, mafundi, wenye yadi za makontena, na wapishi waliowauzia chakula katika vibanda vya Changamwe. Maandamano yakafuata mjini.

Hapa mtetezi wa hoja ya kwanza angesema: tazameni, dola limekwisha. Lakini amri ile haikutolewa na benki. Ilitolewa na vyombo vya dola, kwa muhuri wa dola. Na waliodhurika walikwenda wapi? Walikwenda mahakamani, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba amri hiyo ilikiuka katiba. Septemba 2022 Rais mpya, siku ya kuapishwa kwake, akatangaza kurudishwa kwa shughuli za forodha Mombasa. Dola lilikuwa fimbo na ngao kwa wakati mmoja.

5. Hitimisho

Kuna mambo mawili ya kutenganishwa. Nguvu ya dola juu ya raia haikupungua Changamwe. Iliongezeka, maana dereva wa lori aliweza kupoteza riziki kwa waraka mmoja. Kilichopungua ni uhuru wa dola mbele ya mdai wake. Dola laweza kuwa gumu kwa mwananchi na laini kwa mkopeshaji, na hali hiyo si ngeni kwa pwani iliyowahi kutawaliwa na kampuni.

Kwa hiyo anayetabiri kifo cha dola huenda analipunguzia lawama: mwananchi akiambiwa kwamba dola halina nguvu tena, atamdai nani haki yake? Wakaazi wa Changamwe hawakuudai utandawazi, kwa kuwa hauna mlango wa kubishwa. Walibisha mlango wa mahakama ya nchi yao, ukafunguliwa.