Kombolela Ilipofika Kwetu

Zamani sisi Wairaqw wa Mbulu na Hanang tulikaa kila mji na kilima chake. Mtoto alichunga ng'ombe, akachimba vishimo vya bao ardhini, akacheza na ndugu yake tu. Kombolela ingechezwaje? Mchezo ule unataka nyumba zilizokaribiana, na watoto wengi wa kujificha.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikatuhamisha. Jioni moja nilijificha nyuma ya kibanda cha jirani Mbarbaig. Mwanawe akaniziba mdomo nisicheke. Sijapata kufurahi vile. Kurudi nyumbani, nikamkuta baba ameketi nje, amekipa kijiji mgongo, anatazama kilima chetu. Hadi anafariki sikumwambia kwamba mimi nilikipenda kijiji.