Vidole vya kwanza kwenye EWI, chombo cha kupuliza cha umeme

EWI ni chombo cha muziki chenye kupulizwa sawa saksofoni, lakini pumzi haitoi sauti. Apareyi inapima nguvu ya pumzi, kisha umeme ndio unatoa sauti. Kilitokana na kazi ya Mmarekani Nyle Steiner, na Akai ya Japani ikaanza kukiuza mwaka wa 1987. Mupiga saksofoni Michael Brecker ndiye alisaidia sana kijulikane.

Mwenye kujua saksofoni hatapotea, maana vidole vinapangwa karibu sawasawa. Mukono wa kushoto unakaa juu. Kidole cha shahada peke yake kinatoa si. Ukiongeza cha kati, ni la. Ukiongeza cha pete, ni sol. Hapo mukono wa kuume unaingia, kidole kimoja kimoja: fa, mi, re. Kidole chake kidogo kinafikisha do ya chini. Kwa do ya juu, kidole cha kati cha kushoto kinabaki peke yake.

Ngumu ni kutoka do ile ya juu kwenda re. Vidole vingine vitano vinashuka pamoja, na gumba la kushoto linahamia oktava ingine kwenye vigurudumu vya nyuma. Kidole kimoja kikichelewa, noti ya bure inasikika katikati.

Tena mabutoni ya EWI hayashuki. Yanasikia ngozi tu. Kwenye saksofoni ya shaba vidole vinaweza kupumuzika juu ya mabutoni, lakini huku kugusa tayari ni kupiga. Watu wanafikiri chombo kimeharibika, kumbe ni vidole vyao. Vielee karibu sana, bila kugusa. Sol, la, si, kisha kurudi, kwa pumzi moja, bila kukata na ulimi, ili kila kosa lisikike. Polepole, hata kama inachosha.

Wapiga alto waangalie na hii: do ya alto inaitika mi bemol kwenye piano. EWI isipobadilishwa, do ni do ile ya piano. Hesabu waliyozoea wanaiacha.

Kwa kununua, EWI USB haina sauti yake, inaomba kompyuta. EWI Solo iko na spika na batri ndani, tena inapokea ekuteri. Mutu anarudilia noti zake usiku, majirani wanalala.