Dawa ya kutetemeka, kutoka Vienna hadi Kayole

Kila Aprili 11 dunia huwakumbuka wagonjwa wa Parkinson. Ni siku aliyozaliwa James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817. Hapa Kayole, mtaa wa Nairobi, siku hiyo hupita kimya. Mzee akimwaga chai kabla kikombe hakijafika mdomoni, majirani husema ni uzee. Wengine hunong'ona kwamba karogwa. Kumbe dawa ipo, tena ina umri mkubwa kuliko mtaa wenyewe.

Kisa chake nakisimulia alivyokisimulia Oleh Hornykiewicz wa Vienna. Mwaka 1960 yeye na Herbert Ehringer walipima dopamini, kemikali ya asili ya ubongo, katika bongo za marehemu. Walipotia kemikali, sampuli za waliokuwa wazima ziligeuka waridi. Za wagonjwa 6 wa Parkinson karibu hazikushika rangi. Upungufu huo Hornykiewicz aliuona kwa macho yake. Novemba akamsihi daktari Walther Birkmayer awadunge wagonjwa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Birkmayer akakawia hadi Julai 1961, kwa kinyongo cha zamani, kama Hornykiewicz alivyoamini. Sindano zilipoingia, waliokuwa hawawezi hata kuketi waliinuka, wakatembea. Mwaka 2000 tuzo ya Nobel ikamwendea Arvid Carlsson wa Sweden, aliyewainua sungura kwa dawa hiyohiyo, Hornykiewicz akaachwa. Wanasayansi zaidi ya 200 waliandika barua kulalamika, na mimi naona walikuwa na haki.

Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, aliwanywesha wagonjwa dawa hiyo kwa kipimo kilichopandishwa polepole. Baada ya miaka ya kuimeza, wengi hupatwa na jambo jingine: mikono na miguu hujinyonganyonga yenyewe. Hapo husaidia amantadini, dawa ya zamani ya homa ya mafua ambayo mgonjwa mmoja aliimeza mwaka 1968 akashangaa kutetemeka kukipungua.

Kwetu Afrika Mashariki, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Tanzania, walipata wagonjwa 33. Wengi hawakuwahi kuambiwa wanaugua nini. Inauma, maana hata upupu unaotuwasha vichakani una levodopa katika mbegu zake.

Anayejua ugonjwa wake naye hupambana na bei. Kidonge hukatwa kwa kisu cha jikoni, nusu asubuhi, nusu jioni, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Nguvu ya dawa ni ya saa chache. Adhuhuri mkono huanza tena.