Mifupa ya mtoto (3): Nyuzi tatu zinazochaguana

Mama zangu, baada ya posti ya jana wengi mmeuliza: kosa dogo la jeni linavunjaje mfupa mzima? Kuna mama kati yenu walishaulizwa, "Umempiga na nini huyu mtoto?" kumbe mtoto amezaliwa nalo. Na mara nyingi kosa ni jipya kabisa, halikutoka kwa mama wala kwa baba.

Mfupa si madini tu. Umeshikwa na kolajeni, protini ya nyuzi tatu zilizosokotwa kama kamba. Waliolionesha hilo ni G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha, Madras, India, mwaka 1954 (walitumia hadi kano za mkia wa kangaruu, msicheke). Kwenye kila uzi, kila asidi amino ya tatu ni glisini, ndogo kuliko zote, maana katikati ya kamba hakuna nafasi ya kubwa zaidi. Ikiwekwa nyingine hapo, kamba inavimba na kulegea.

Mwaka 1994 kina Barbara Brodsky na Helen Berman, huko Marekani, walitengeneza kipande kifupi cha kolajeni chenye kosa hilo, wakapata picha yake. Ila nyuzi zote zilifanana, kwa hiyo kosa likawa kwenye zote tatu. Kwa mtoto huwa sivyo! Kolajeni ya mfupa ina nyuzi mbili za aina moja na moja ya aina nyingine; kosa linaweza kukaa kwenye uzi mmoja tu, au mbili.

Sasa utaufanyaje uzi mbovu uende pale unapotaka? Varun Gauba na Jeffrey Hartgerink, Rice University, Houston, walitumia umeme mdogo wa asidi amino zenyewe. Mwaka 2007 walitengeneza uzi wenye chaji chanya, mwingine hasi, wa tatu hauna chaji. Chanya na hasi zikavutana, zikajisokota zenyewe majini, moja ya kila aina. Mwaka 2008 wakaweka kosa kwenye uzi mmoja, kisha mbili, kisha tatu, wakapima kamba inavyolegea.

Hiyo ni maabara, bado si dawa. Na zile poda za kolajeni mnazouziwa hazirekebishi jeni, tumboni zinameng'enywa kama maharage.

Mtoto akivunjika mara kwa mara na weupe wa macho una ubuluu, mwambie daktari yote mawili.