Kitambaa na Rangi Vilitoka Wapi? Historia Fupi kwa Vikundi vya Sanaa ya Mikono Ilula

Ukurasa huu umezoea nyanya, vitunguu na kantangaze. Leo nageuka kidogo, kwa sababu bei ya nyanya inaposhuka mpaka tenga halilipi hata gharama ya kuchuma, akina mama na vijana huanza kuuliza shughuli ya pili. Swali linalokuja ni hili: kikundi kikitaka kushona wanasesere wa vitambaa na kuchora picha za kuuza, vifaa vikanunuliwe wapi? Kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam na fedha za mkopo mfukoni, tuangalie waliotutangulia walivipataje.

Kitambaa kilipokuwa fedha

Karne ya 19 kitambaa kilikuwa fedha huku bara. Misafara kutoka pwani ililipa wapagazi, ilinunua chakula na kutoa hongo kwa watawala kwa mikono na doti za nguo. Nguo iliyopendwa sana ni ile nyeupe nzito iliyofumwa Marekani na kuletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Ndiyo maana hadi leo fundi cherehani akisema "marekani" unajua anataja kitambaa gani.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani. Pamba ikakosekana viwandani na merikani ikawa adimu Zanzibar. Nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake. Vita vya mbali viligusa mtu wa bara ambaye hakujua hata vinapiganwa wapi.

Si kwamba hatukuwa na nguo zetu. Wafipa wa Rukwa walisokota pamba na kufuma nguo nzito zilizoitwa seketa. Nguo za kiwandani zilipozidi kuingia, ufumaji huo ulififia, na ujuzi ukaenda na wazee.

Mwanasesere hakuanzia dukani

Wazaramo walikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti aliyopewa mwali wakati wa kuwekwa ndani. Aliitunza kama mtoto, akiipaka mafuta na kuisuka nywele. Huku kwetu wengi tumeona watoto wakifunga gunzi la mahindi kwa kipande cha kanga kuukuu na kulibeba mgongoni. Kifaa kilikuwa kile kilichobaki baada ya kupukuchua mahindi.

Urafiki, uhaba na mitumba

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitaka tujivike wenyewe. Kiwanda cha Urafiki, Ubungo, kilianza 1968 kwa msaada wa China, na kanga na vitenge vyake vikaenea nchi nzima. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 uchumi uliyumba. Wazee wanakumbuka foleni za kanga na sabuni. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na baada ya hapo mitumba ikajaa masokoni. Viwanda vya ndani viliumia sana. Kwa upande mwingine, tangu wakati huo hata gulio dogo lina kitambaa cha kila rangi kwa bei ndogo.

Hadibodi na rangi ya baiskeli

Mwaka huohuo wa 1968 Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam. Hakusoma chuo cha sanaa. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya hadibodi, bidhaa ya ujenzi, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Akachora wanyama na ndege na kuwauzia wageni waliokuwa wakiishi Oyster Bay. Alifariki 1972, baada ya kuchora kwa miaka michache tu. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao. Leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake.

Karibu na sisi zaidi, Neema Crafts ilianza Iringa mjini mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Ilianza na vijana watatu wasiosikia, wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye ikaongeza ushonaji, ufumaji na kazi nyingine, ikaajiri watu wengi wenye ulemavu.

Historia inatuambia nini

Mambo mawili. Kwanza, anayetegemea njia moja ya mbali hukwama njia ikifungwa. Pili, Tingatinga na wale vijana wa Iringa hawakusubiri vifaa vya gharama. Walianza na kilichopo, fedha ikaenda kwenye vile vichache visivyopatikana bure.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) haina riba, lakini inarudishwa. Kikundi kikimaliza mkopo kwenye rangi za kutoka nje kabla ya kuuza mwanasesere hata mmoja, marejesho yatatoka kwenye nyanya zilezile zilizokosa bei.

Kwa hiyo anzeni hivi:

1. Kitambaa: Ombeni mabaki kwa mafundi cherehani. Kwa mwili wa mwanasesere nunueni mita chache za marekani. Nguo za mitumba zifuliwe vizuri kabla ya kukatwa.
2. Kujazia: Sufi, au vipande vidogo vya vitambaa vilivyochambuliwa.
3. Rangi ya kitambaa: Maganda makavu ya vitunguu, ambayo hapa tunayatupa, hutoa rangi ya njano hadi kahawia. Loweka kitambaa cha pamba kwenye maji ya shabu kwanza. Chemsha maganda yenye uzito sawa na kitambaa kwa muda wa saa moja, chuja, kisha chemsha kitambaa humo kwa moto mdogo. Gome la muwati nalo hutoa kahawia. Jaribuni kipande kidogo, kifueni na kukianika juani kabla ya kupika kingi.
4. Picha: Vipande vya hadibodi vinavyobaki kwa mafundi seremala, na makopo madogo ya rangi tatu au nne.

Tahadhari: Msitumie kamwe ndoo, kopo au mfuko uliowahi kubeba viuatilifu, hata ukioshwa mara kumi. Mtoto hutia mwanasesere mdomoni. Kwa sababu hiyohiyo macho yashonwe kwa uzi badala ya vifungo, na rangi ya mafuta isipakwe kwenye wanasesere, maana baadhi zina madini ya risasi.

Tengenezeni kumi tu kwanza. Andikeni kila shilingi na kila saa iliyotumika, muwauze, ndipo mwende kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuomba mkopo mkiwa na daftari mkononi. Barabara kuu ya Iringa na Morogoro inapita mlangoni petu, na wasafiri wanaosimama kununua nyanya na vitunguu wana macho ya kuona kingine.