Malkia Elisabeth: binti wa Ujerumani aliyeacha jina lake Kongo

Mzee akikutajia Elisabethville, ujue anasema juu ya Lubumbashi ya leo. Lakini huyo Elisabeth alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 25 Julai 1876 huko Possenhofen, Bavaria, nchini Ujerumani. Baba yake, Karl Theodor, alikuwa wa ukoo wa kifalme na pia daktari wa macho. Mwaka wa 1900 Elisabeth aliolewa na Albert, mtoto wa ndugu yake Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Desemba 1909 Leopold alifariki, Albert akarithi kiti, na binti wa Kijerumani akawa malkia wa Wabelgiji, waliotawala Kongo. Mwaka wa 1910 mji mpya wa Katanga ukapewa jina lake.

Tarehe 4 Agosti 1914, jeshi la Ujerumani lilivamia Ubelgiji. Nchi ya wazazi wake ilikuwa inapiga nchi ya bwana yake. Malkia hakurudi kwao. Watoto walipelekwa Uingereza, yeye akabaki De Panne, katika kipande kidogo cha nchi kilichobaki huru kando ya bahari, akiwatembelea majeruhi hospitalini.

Vita hiyo ilitufikia sisi pia. Septemba 1914 Wajerumani waliokuwa Rwanda waliteka kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu. Septemba 1916 askari wa Force Publique waliingia Tabora. Pamoja nao walitembea maelfu ya wapagazi wa Kongo, mizigo kichwani. Wengi walikufa njiani kwa magonjwa na njaa. Hakuna mji uliopewa jina la hata mmoja wao.

Mwaka wa 1928 mfalme na malkia walitembelea Kongo. Mwaka wa 1930 ukaundwa mfuko wenye jina la malkia, FOREAMI, wa kutibu wenyeji, kuanzia Bas-Congo, hasa ugonjwa wa malale. Dawa ziliokoa watu, hilo tusikatae. Lakini serikali iliyotoa dawa ndiyo iliyowatoza kodi na kuwalazimisha kazi.

Wanazi walipokalia Ubelgiji katika vita ya pili, Elisabeth aliwaombea Wayahudi kwa wakubwa wa Kijerumani, na baadhi wakaokoka. Alifariki Brussels tarehe 23 Novemba 1965. Kesho yake Mobutu akachukua madaraka, na mwaka wa 1966 Elisabethville ikaitwa Lubumbashi.

Jina limeondoka, lakini kuna jambo la kutufaa. Hapa Masisi na Walikale, makabila yetu yameoana. Vita ikianza, mama aliyeolewa upande mwingine huulizwa: wewe ni wa nani? Elisabeth aliulizwa hivyo hivyo, akajibu kwa kubaki na majeruhi. Yeye alikuwa na walinzi; mama wa kwetu hana. Kwa hiyo ni sisi majirani wa kumlinda, tusimlazimishe kuchagua kati ya baba yake na watoto wake.